Moto Upo, Lakini Pikipiki Haiwaki

Gereji za mtaani zina neno moja linalobebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake: moto. Betri ina moto. Plagi haitoi moto. Waya huu unaleta moto, ule umekufa. Pikipiki imekata moto njiani. Hapo fundi ameshataja mambo matatu au manne yasiyofanana, mteja ameitikia yote kwa kichwa, na noti zimeanza kutoka mfukoni. Nimewahi kuwa mteja huyo.

Ilikuwa masika, pikipiki imelala nje. Asubuhi nabonyeza stata, nasikia tiki-tiki-tiki tu, na taa ya kijani ya nyutro inafifia kila ninapobonyeza. Kijana wa gereji ya jirani akaja na kibalbu chake chenye waya mbili, akakigusisha kwenye betri, kikawaka. "Moto upo, ila betri imechoka, kaka." Nikanunua betri. Tukaifunga mpya kabisa, nikabonyeza: tiki-tiki-tiki. Basi itakuwa rilei ya stata, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota. Nikanunua rilei. Tiki-tiki-tiki. Alipoanza kuitupia macho mota ya stata, niliikokota pikipiki hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza jenereta, maana nilisikia ana mita ya kupimia umeme na anajua kuisoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshanunua nini na nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akaweka mita kwenye volti za DC. Ncha moja akaikandamiza kwenye nguzo ya hasi ya betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. "Bonyeza." Nikabonyeza. Mita ikasoma volti 4 na pointi. Kwa hali ya kawaida pale panatakiwa pasome karibu na sifuri, kwa sababu nguzo ile na injini ile zimeunganishwa kwa waya mmoja mnene; ni kitu kimoja. Akafuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye injini, akafungua bolti, na chini yake mlikuwa na kutu ya rangi ya chai. Msasa, dakika mbili, bolti ikarudi. Stata ikazungusha injini kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona tangu ninunue pikipiki ile.

Sasa, kibalbu cha yule kijana kilidanganya vipi? Hakikudanganya. Kilijibu swali lingine. Balbu ya indiketa ya wati 10 hula chini ya ampea 1. Mota ya stata ya pikipiki ya cc 125 inapoanza kusukuma pistoni hudai makumi ya ampea, tuseme 50. Kutu ya chini ya bolti huenda ilikuwa na ukinzani mdogo sana, kama sehemu ya kumi ya omu 1. Ampea 1 ikipita kwenye ukinzani huo inapoteza sehemu ya kumi ya volti, na jicho haliwezi kuona balbu imepungua mwanga. Ampea 50 zikitaka kupita palepale zingepoteza volti 5, katika betri ya volti 12. Mota haibaki na nguvu ya kutosha kuzunguka. Ndiyo maana mtu anaweza kukuapia kwamba moto upo, akawa mkweli, na pikipiki isiwake.

Kwa hiyo moto wa kwanza wa kuutenganisha ni huu: volti zilizotulia ni jambo moja, na volti wakati mzigo unavuta ni jambo jingine kabisa. Betri ya asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa baada ya kuchajiwa, husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikisoma 12.0 au chini haina maana kuendelea kuilaumu stata. Kuipima dakika moja baada ya kuzima injini ni kujidanganya, kwa sababu chaji ya juujuu huipandisha namba. Ukishasoma iliyotulia, acha mita palepale kwenye nguzo mbili za betri ubonyeze stata. Betri nzima itashuka lakini itabaki kwenye 10 au juu yake kidogo. Ikiporomoka hadi 7, ama betri imekufa ndani ama mota imekwama na inavuta kupita kiasi. Azima betri nzima ya mwenzako, injini yake ikiwa imezimwa, utajua ni ipi. Lakini ikibaki 12.4 huku unasikia tiki tu, betri haina kosa. Ina nguvu na hakuna anayeipokea. Hapo ndipo unapoanza kupima njia, kipande kwa kipande: nguzo chanya hadi bolti ya rilei, bolti moja ya rilei hadi bolti yake ya pili, rilei hadi mota, na ile njia ya kurudi ambayo wengi huisahau kwa kuwa haionekani kama waya, ni bodi tu, chuma cha pikipiki chenyewe. Kipande chochote kikipoteza zaidi ya robo volti hivi wakati unabonyeza, umempata mwizi.

Sauti nazo husema mengi kabla hujashika mita. Ile tiki-tiki ya haraka ni rilei inayojikana: sumaku yake inavuta, inaunganisha mota, mota inakomba volti, sumaku inakosa nguvu inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Inaashiria betri dhaifu au muunganisho mbovu wa waya mnene. Tiki moja nzito kisha kimya mara nyingi ni meno ya ndani ya rilei yaliyoungua, au kaboni za mota zimekwisha. Ukisikia mota inavuma kwa mbio lakini injini haigeuki, achana na umeme wote: klachi ya stata, ile ya njia moja, imeachia. Na kimya kabisa, bila hata tiki, ni upande wa waya wembamba, zile zinazoiamuru rilei: fyuzi, kitufe kilichojaa vumbi na jasho, au swichi ya usalama ya klachi au ya nyutro inayodhani gia imeingia. Kutofautisha upande mwembamba na mnene, mafundi huunganisha bolti mbili kubwa za rilei kwa bisibisi. Mota ikizunguka, kosa liko upande mwembamba. Fanya hivyo gia ikiwa nyutro na bila harufu ya petroli popote, maana cheche zake si za mchezo.

Moto wa pili ni cheche ya plagi, na hapa ndipo ugomvi mkubwa wa vijiwe vya bodaboda ulipo. Mmoja anasema pikipiki haiwezi kuwaka bila betri. Mwingine anasema yake betri ilikufa Desemba na bado anakula nayo mkate kwa kiki. Wote wawili wanasema kweli, ila wana pikipiki tofauti.

Pikipiki nyingi za Kichina tulizozizoea ni watoto na wajukuu wa CG125 ambayo Honda ilianza kuitoa mwaka 1976, injini ambayo valvu zake husukumwa na fimbo, rahisi, ngumu kufa. Katika nyingi za aina hiyo CDI, ile boksi ndogo nyeusi inayotawala cheche, haitegemei betri hata kidogo. Kwenye magneti, jenereta ndogo iliyo ndani ya injini, kuna koili yake maalumu. Ukipiga kiki sumaku zinapita mbele yake, inazalisha volti zinazozidi mia, CDI inazihifadhi kwenye kapasita, na koili ndogo ya pembeni, pulsa, inapotoa ishara kwamba pistoni imefika mahali pake, CDI inazimwaga zote kwa mpigo kwenye koili ya plagi. Huko zinakuzwa hadi maelfu mengi ya volti na kuruka kwenye mwanya wa plagi. Mchakato mzima hauigusi betri. Aina ya pili ya CDI hulishwa na betri kupitia swichi ya funguo. Betri ikifa kabisa, piga kiki hadi mguu uume, hutapata kitu. Kujua ya kwako: chomoa fyuzi kuu, washa funguo, toa plagi, iegemeze kwenye chuma cha injini, piga kiki. Cheche ikiruka, ni ile isiyotegemea betri. Ukirudisha plagi, usiiwashe injini kabla ya kurudisha fyuzi, maana bila betri ya kutuliza volti, balbu na rektifaya, kifaa kinachonyoosha umeme wa chaji, huweza kuungua pamoja.

Tofauti hiyo inaeleza pia jambo ambalo huwachanganya hata mafundi wazuri. Kwenye CDI inayolishwa na betri, funguo ikizimwa inakata moto, kama unavyofikiri. Kwenye ile ya magneti hakuna wa kumkatia. Kwa hiyo funguo ikizimwa inafanya kinyume: inaunganisha waya mmoja wa CDI na bodi, ule umeme wa koili unaishia ardhini na cheche inakufa. Kwa rangi za mtindo wa Honda, waya huo mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe. Fikiria maana yake. Waya huo ukichubuka mahali popote ukagusa chuma, pikipiki imezimwa, hata kama funguo imewashwa, taa zinawaka, honi inalia na "moto upo" kila unapogusa.

Kijiweni kwetu alikuwepo kijana ambaye pikipiki yake ilikataa kona za kushoto. Tulimcheka wiki nzima. Anakwenda vizuri, anakata kulia vizuri, akikata kushoto inazima, akinyoosha usukani inawaka yenyewe kwa mwendo. Alishabadilisha plagi, koili na CDI mbili. Mwishowe tuliondoa tepu nyeusi kwenye shingo ya usukani, na humo katikati ya nyaya kumi na kitu ulikuwepo ule mweusi mwenye mstari mweupe, plastiki yake imeliwa mahali pa ukubwa wa punje ya mchele, na kwenye chuma cha shingo pana alama inayong'aa. Kipimo cha kumaliza ubishi huo ni chepesi: chomoa waya huo peke yake kwenye soketi ya CDI, piga kiki. Cheche ikirudi, vifaa vyote ni vizima na mkosaji ni waya, funguo au swichi ya kuzimia ya mkononi. Ila ukiiwasha hivyo, jua funguo haitaizima tena. Itabidi uingize gia, ushike breki na uachie klachi taratibu hadi injini ife.

Cheche yenyewe nayo ina hila. Ya buluu inayopasuka kwa sauti ni nzuri, ya njano nyembamba ni mgonjwa, lakini hata inayoridhisha macho nje inaweza kushindwa ndani ya silinda, kwa kuwa hewa iliyogandamizwa ni ngumu kurukwa kuliko hewa ya huku nje. Fundi mwenye uzoefu huiweka plagi kando, akatazama kama cheche inavuka mwanya wa milimita 5 au 6 kati ya ncha ya waya na chuma. Usiushike waya ule kwa mkono mtupu, na fanya hivyo mbali na tundu la plagi, linatema mvuke wa petroli. Pikipiki ikisumbua siku za mvua tu au baada ya kuoshwa kwa presha, anza na kofia ya plagi. Izungushe itoke kwenye waya, kata milimita chache za mwisho zenye kutu ya kijani, irudishe. Ikisumbua injini ikishika joto na kupona ikipoa, mshuku koili ya magneti, pulsa au koili ya plagi. Uzi wa shaba uliokatika hupanuka na kuachana kwa joto, kisha hugusana tena ukipoa, na ukiupima asubuhi mita itakuambia ni mzima.

Na kabla ya yote hayo, toa plagi uinuse. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki kumi, tatizo lako halina uhusiano na umeme. Nasema hili nikiwa mtu aliyewahi kutumia nusu saa na mita huku koki ya tangi imefungwa.

Moto wa tatu ni chaji. Injini ikiwaka, koili za magneti hutoa umeme unaopanda na kushuka, rektifaya inaunyoosha na kuubana usizidi. Mita kwenye nguzo za betri, vuta mafuta ya wastani: 13.5 hadi 14.5 ni afya. Ikibaki 12 na pointi hata ukivuta mafuta, betri haichajiwi, na betri mpya itakupa siku chache tu za furaha. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kubana au waya wake wa bodi umelegea. Utaona balbu zinapasuka mfululizo na betri inachemka asidi. Watu hubadilisha balbu tano kabla ya kufikiria rektifaya.

Lakini kuna pikipiki ambazo kila kitu chake ni kizima na betri bado inakufa, na hizo ndizo nyingi siku hizi. Betri ya kawaida ya pikipiki ndogo ni ya ampea-saa 5 hivi. Mwenye nayo ameongeza spoti mbili za mbele, redio, chaja ya simu, taa za urembo chini ya tangi. Kazi yake ni safari fupi, foleni, kuzima na kuwasha kwa stata mara arobaini kwa siku, na injini ikiwa inanguruma taratibu kituoni haichaji karibu kitu. Anatoa kuliko anavyoingiza. Hakuna kifaa cha kununua hapo zaidi ya kiki, ambayo ipo tayari.

Pikipiki za mkataba zina la ziada: kifaa cha kufuatilia kilichofichwa chini ya kiti, ambacho hakilali. Piga hesabu. Kifaa kinachovuta miliampea 50 mfululizo hula ampea-saa 1.2 kwa siku. Dereva akiugua siku nne, betri ya ampea-saa 5 imekaribia kwisha bila pikipiki kusogea. Kwa miliampea 10 tu ingehimili karibu wiki tatu. Kupima ni kufungua waya wa hasi wa betri na kuipitisha mita katikati kwenye upande wa ampea, funguo ikiwa imezimwa. Usiwashe stata mita ikiwa hapo; utaunguza fyuzi ya mita na pengine mita yenyewe. Na kama kinachokula ni hicho kifaa cha mwenye mali, usikikate kimyakimya, mpigie kwanza.

Imebaki fyuzi. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iliyokunjwa na kuchomekwa mahali pa fyuzi, nimeiona kwenye pikipiki nyingi kuliko fyuzi zenyewe. Fyuzi ya ampea 10 ikiungua, mara nyingi imekuambia kuna waya unagusa bodi mahali fulani. Karatasi haiungui upesi. Kinachoungua ni mkanda mzima wa nyaya, na huo hupita chini ya tangi la petroli.

Yule mzee wa jenereta alinionyesha namna yake ya kutafuta shoti bila kumaliza fyuzi za duka zima. Jirani yake alikuwa ameleta pikipiki inayokula fyuzi kila ukiwasha taa. Mzee akachukua balbu ya indiketa ya wati 21, akachomeka waya zake mbili mahali pa fyuzi, akawasha funguo na taa. Balbu ikawaka kwa mwanga wake wote, maana umeme ulikuwa unapita hapo na kwenda moja kwa moja kwenye bodi, na balbu yenyewe ndiyo iliyoubana usizidi ampea 2. Akaniachia nitazame balbu, yeye akaanza kuchomoa soketi na kutikisa nyaya. Akachomoa taa ya mbele: balbu inawaka. Akageuza usukani huku na huku: inawaka. Akatikisa mkanda wa chini ya tangi: inawaka.

Akaenda nyuma, akainua kiti, na balbu ikafifia.

Akakishusha. Ikawaka. Waya wa taa ya nyuma ulikuwa umebanwa na bawaba ya kiti.